Kupiga jeki gari linalosukuma kwa tairi za nyuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mtu anayetaka kubadilisha brekipadi, kumwaga oili ya difu (bonge la gia lililo kati ya tairi za nyuma) au kukagua krosi (maungio) za propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, nyumbani kwake, bila lifti ya gereji. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti na yaliyomo humu, fuata kitabu.

Gari linalosukuma nyuma lina tofauti gani na magari mengine likipigwa jeki?

Tofauti iko kwenye kinacholizuia lisitembee. Katika magari mengi hendibreki hukamata tairi za nyuma. Ukiweka gia kwenye P (ya kuegesha, kwenye gari la otomatiki), kijino cha chuma ndani ya giaboksi hufunga shafti ya kutokea, shafti hiyo ikafunga propela, propela ikafunga difu, na mwisho wa safari yote hiyo ni tairi zilezile za nyuma. Gari la gia za mkono ukiliacha kwenye gia ya kwanza au rivasi, habari ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukiinua nyuma, umeinua hewani kila kilichokuwa kinalishika. Tairi za mbele zilizobaki chini ziko huru kama za mkokoteni. Gari linalovuta kwa tairi za mbele lina nafuu hapa, kwa sababu P inashika mbele na hendibreki inashika nyuma, na upande wowote utakaoinua kuna kizuizi kimoja kilichobaki ardhini. Wewe huna nafuu hiyo. Karibu kila jibu lililo hapa chini limetokana na jambo hili moja.

Nikiinua tairi moja tu ya nyuma, ile nyingine si itashika?

Itashika kwa hendibreki, kama hendibreki yako ni nzima na inakamata kwenye tairi zenyewe. Kwa P peke yake haitashika, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika.

Difu ya kawaida imeundwa ili tairi mbili za nyuma ziweze kwenda mwendo tofauti, la sivyo gari lisingekata kona bila kuburuta tairi moja. Propela ikiwa imefungwa, tairi ya kulia bado inaweza kuzunguka mbele ilimradi ya kushoto izunguke nyuma. Siku gari litakapokuwa limekaa vizuri kwenye stendi mbili za nyuma, na tairi za mbele zina kabari, weka P, achia hendibreki, kisha zungusha tairi moja kwa mkono huku ukitazama ya pili. Utaiona inageuka kinyume, taratibu, na propela haisogei hata kidogo. Sasa fikiria tairi moja iko hewani na nyingine iko chini. Ile ya hewani haina cha kuizuia, basi na ya chini iko huru kubingirika.

Kuna magari pia, hasa baadhi ya malori na magari ya porini ya zamani, ambayo hendibreki yake ni ngoma iliyofungwa kwenye propela, nyuma ya giaboksi. Kwenye hayo hendibreki nayo inapita kwenye difu, na tairi moja ikiinuka inapoteza nguvu kama P. Kama hujui yako ni ya aina gani, fuata waya wa hendibreki kwa macho uone unaishia wapi. Kwa vyovyote vile, kabari za mbele ni lazima.

Nahitaji vifaa gani?

Jeki ya magurudumu ya kuanzia tani 2, stendi mbili (nne kama utainua gari zima), kabari nne, kipande cha mbao ngumu au mpira wa kuweka kwenye kichwa cha jeki, spana ya nati za tairi, tochi, na miwani ya kukinga macho. Miwani watu huidharau mpaka siku wanapolala chali chini ya ekseli na kugonga nati iliyoganda, vumbi la kutu likawaingia machoni.

Uzito usikutishe. Gari la kilo 1,500 halikai lote kwenye jeki, kwani ukiinua upande mmoja, mbele au nyuma, jeki inabeba karibu nusu ya uzito huo. Jeki ya tani 2 ina akiba ya kutosha. Akiba hiyo ndiyo unayoinunua, maana jeki inayofanya kazi karibu na kikomo chake huchoka mapema.

Kwenye stendi, soma kibandiko vizuri. Mara nyingi namba iliyoandikwa ni ya stendi mbili zikibeba pamoja. Iliyoandikwa tani 3 kwa jozi ina maana tani 1.5 kwa kila moja.

Jeki iliyokuja na gari haitoshi?

Inatosha kubadilisha tairi barabarani. Jeki ya mkasi ina kitako chembamba na inabeba gari kwa skrubu moja, na gari likisogea kidogo tu mbele au nyuma inalala ubavu. Kwa kazi ambayo utaingiza hata mkono chini ya gari, tafuta nyingine. Jeki ya chupa ni imara zaidi na ina nguvu, na inafaa sana chini ya ekseli nzima ya pikapu. Tatizo lake ni kwamba nayo ina kitako kidogo, na ikiwa fupi lazima uingie mbali chini ya gari kuiweka.

Kwa nini nisilale chini ya gari lililoshikwa na jeki, kama jeki ni nzima?

Kwa sababu kinacholishika ni oili. Ndani ya jeki ya haidroliki kuna oili iliyobanwa na vali ndogo na mipira ya kuzuia kuvuja. Mpira ukichanika, uchafu mdogo ukikaa kwenye vali, au mtu akigusa mpini wa kuachilia, gari linashuka. Jeki ni ya kuinulia. Stendi ni ya kushikilia, kwa kuwa chuma chake kimefungwa kwa jino au pini na hakina cha kuvuja.

Katika jambo hili sina upole hata kidogo: hata dakika moja, hata mkono mmoja, hapana.

Nifanyie kazi mahali gani?

Sakafu ya zege iliyo sawa ndiyo bora. Lami inafaa asubuhi, lakini jua likiwaka hulainika na miguu ya stendi ikaanza kuzama. Weka kipande cha mbao nene chini ya kila stendi ili kutawanya uzito. Hakikisha miguu yote minne ya stendi imekaa juu ya mbao, isiwe mmoja unaning'inia pembeni.

Udongo ndio wenye taabu zaidi, na tatizo si kuzama tu. Kichwa cha jeki ya magurudumu hakipandi kwa mstari ulionyooka, kinapanda kwa upinde. Gari likipanda, ama jeki ibingirike kidogo kulifuata, ama ilivute gari kuifuata yenyewe. Kwenye udongo au kokoto magurudumu yake madogo yanazama na hayabingiriki, kwa hiyo kichwa kinaburuta chini ya gari au gari linavutwa. Ukikosa zege, tandika ubao mpana au bamba la chuma lenye urefu wa kutosha jeki kutembea juu yake.

Kwenye mteremko usijaribu, hata ule unaouona mdogo. Weka mpira mdogo sakafuni uuachie. Ukianza kutembea wenyewe, tafuta mahali pengine.

Kabari naziweka wapi hasa?

Ukiinua nyuma: tairi zote mbili za mbele, mbele na nyuma ya kila moja. Hizo ni kabari nne, na hakuna ya ziada. Nyoosha usukani kwanza ili tairi zitazame mbele, kwani tairi iliyopinda inaikanyaga kabari kwa kona moja tu na inaweza kuipanda au kuisukuma pembeni. Zigonge kwa mkono mpaka ziguse mpira sawasawa.

Ukiinua mbele: tairi za nyuma, hendibreki juu, gia kwenye P au gia ya kwanza. Hapa una vizuizi vitatu kwa pamoja, na ndiyo maana kuinua mbele kwenye gari la aina hii ni kazi ya utulivu zaidi.

Kipande cha tofali au jiwe la mviringo si kabari. Kama huna za kununua, kata boriti ya mbao ngumu kwa mshazari, yenye upana wa tairi.

Jeki inaingia wapi? Naweza kuinua kwa difu?

Mbele, magari mengi yana boriti nene ya chuma inayobeba injini na mikono ya saspensheni. Katikati ya boriti hiyo mara nyingi kuna sehemu bapa iliyotengwa kwa jeki. Usiichanganye na sampu ya oili iliyo karibu yake. Sampu ni bati jembamba au aluminiamu, na ukiinua gari kwayo utaibonyeza mpaka iguse bomba la kufyonzea oili, au ipasuke kabisa.

Nyuma inategemea umbo la ekseli. Kama gari lako lina ekseli nzima, ile nguzo moja ya chuma inayotoka tairi hadi tairi ikiwa na bonge la difu katikati, mara nyingi unaruhusiwa kuinua kwa bonge lenyewe. Jeki ikae kwenye sehemu nene ya chuma cha kuyeyushwa. Isikae kwenye kifuniko cha nyuma cha difu. Kifuniko hicho mara nyingi ni bati lililofungwa kwa bolti ndogo, na ukilibonyeza oili itaanza kuvuja na hutajua imetoka wapi mpaka difu ianze kulia. Angalia pia pembe ya pinioni, pale propela inapoingia; jeki ikigusa pale inaweza kuharibu sili ya oili.

Kama kila tairi ya nyuma ina mkono wake na difu imening'inizwa kwenye fremu kwa mipira, usidhani. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu kuinua kwa difu, wengine wanaikataza kwa sababu nyumba yake ni aluminiamu au mipira yake haikuundwa kubeba gari kutoka chini. Bila ruhusa ya kitabu, tumia fremu ya nyuma au pembe za bodi.

Pembeni, chini ya milango, kuna mkunjo wa bati mbili zilizochomelewa pamoja. Karibu na kila tairi utaona vijialama viwili au pengo kwenye mkunjo huo, na katikati yake bati limeimarishwa. Hapo ndipo penyewe. Sentimita kumi pembeni yake, bati hilohilo linajikunja kama kopo. Tumia mpira wenye mfereji ili mkunjo uingie ndani yake na uzito ubebwe na bati la pembeni.

Mahali pasipoguswa kabisa: propela, giaboksi, tanki la mafuta, eksozi, stabilaiza, shokapu, fimbo za usukani, na sakafu ya gari.

Nipe mpangilio wa kuinua nyuma, mwanzo hadi mwisho.

Toa mizigo mizito kwenye buti, kila mtu ashuke, milango ifungwe. Nyoosha usukani, zima injini, toa ufunguo. Hendibreki juu na gia kwenye P kwa sasa, hata kama utaviachia baadaye. Piga kabari mbele.

Legeza nati za tairi robo mzunguko wakati tairi bado ziko chini. Ukisubiri ziwe hewani, tairi itazunguka na spana, au utaivuta kwa nguvu na kulitikisa gari lililo juu. Usizitoe, zilegeze tu.

Ingiza jeki, ipandishe mpaka iguse. Simama hapo. Inama utazame kwa tochi kama kichwa kimekaa katikati ya chuma na hakuna bomba la breki au waya uliobanwa. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu kulala chini mara ya pili kunachosha. Bomba la breki la chuma linalopita juu ya ekseli ni jembamba kuliko kidole, na likibanwa hutaliona ukiwa umesimama.

Pampu taratibu. Kila baada ya pampu chache tazama kabari za mbele. Zikianza kusukumwa, shusha uanze upya. Gari likifika urefu unaoutaka, ingiza stendi mbili kwa urefu ule ule, hesabu meno ili zilingane, kisha vuta mpini wa kila stendi kuhakikisha jino limeingia lote. Shusha jeki polepole mpaka uzito uwe umehamia kwenye stendi. Rudi uangalie miguu: yote inagusa sakafu? Kichwa kimekumbatia chuma?

Sasa lisukume gari. Weka nyonga kwenye pembe ya buti ulisukume kwa nguvu za kweli, kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma. Kama litaanguka, lianguke wewe ukiwa nje. Likitulia, rudisha jeki chini ya chuma mpaka iguse tu bila kubeba uzito, iwe mlinzi wa pili. Tairi ulizotoa zilaze chini ya ukingo wa bodi kama mlinzi wa tatu.

Baada ya hapo ndipo uachie hendibreki, kama kazi inahitaji.

Lazima hendibreki iachiwe?

Kwa brekishu za ngoma, ndiyo. Hendibreki ikiwa juu inazitanua brekishu ndani ya ngoma na ngoma haitoki, hata ukiigonga kwa nyundo mpaka jioni. Kwa brekipadi za diski za nyuma zenye hendibreki ndani ya kalipa (kifaa kinachobana brekipadi kwenye diski), vivyo hivyo pistoni haitarudi. Wakati huo gari linashikwa na stendi na kabari za mbele basi. Kama hendibreki ni ya umeme, kuna utaratibu maalumu wa kuirudisha kwenye hali ya matengenezo kabla ya kugusa kalipa; ukiisukuma pistoni nyuma kwa nguvu utaharibu mota ya hendibreki.

Stendi ziwe chini ya ekseli au chini ya bodi?

Kwa ekseli nzima, mimi napendelea chini ya bomba la ekseli, karibu na springi, kwa kazi zote za breki. Saspensheni inabaki imebeba uzito kama barabarani, gari halihitaji kuinuliwa juu sana, na hosi ya breki haivutwi. Ukiliinua kwa bodi, ekseli inaning'inia, na utapampu sana kabla tairi haijaachana na ardhi.

Chini ya bodi au chesisi kuna kazi yake: unapotaka kutoa springi, shokapu au ekseli yenyewe. Hapo kuna mtego mmoja. Kwenye magari mengi shokapu ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukifungua bolti yake ya chini wakati ekseli inaning'inia, ekseli inaporomoka, springi ya mviringo inaweza kuchomoka, na hosi ya breki inabaki ndiyo iliyolibeba zigo. Weka jeki ya pili chini ya ekseli kabla hujagusa bolti ya shokapu.

Tofali au blok za zege zinaweza kuwa badala ya stendi?

Hapana. Blok ya zege hubeba mzigo mkubwa ukisambaa juu yake sawasawa, lakini chuma cha ekseli kinagusa sehemu ndogo tu, na zege hupasuka ghafla bila kulia kwanza. Tofali zilizopangwa ni hatari zaidi. Rimu ya tairi nayo inateleza.

Mbao ngumu nzima zinafaa, zikipangwa kwa kupishana, safu mbili hivi na safu mbili hivi, huku kimo kisizidi upana wa kitako. Mbao angalau hulalamika kabla ya kuvunjika.

Stendi mpya dukani ni salama moja kwa moja?

Kwa kawaida, lakini ikague. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwataka wateja warudishe stendi zake za tani 3 na tani 6 kwa kuwa jino la kufungia lingeweza kuachia likiwa na mzigo. Miezi michache baadaye, baadhi ya stendi za tani 3 zilizokuja kuchukua nafasi ya zile nazo zikarudishwa, safari hii kwa kasoro ya uchomeleaji.

Tazama maungio ya kuchomelea kama yamejaa pande zote. Inua nguzo hatua moja moja usikie jino likiingia, kisha bonyeza kwa uzito wako ukiitingisha. Stendi za pini zina usumbufu wa hatua kubwa kati ya tundu na tundu, ila pini nene iliyopita katikati ya chuma haina jino la kuteleza. Nikipewa nichague, nachukua za pini.

Nataka kumwaga oili ya difu. Niinue nyuma tu?

Kwa kumwaga unaweza. Kwa kujaza, gari linatakiwa liwe sawa, kwa sababu kipimo cha difu nyingi ni oili kufika kwenye ukingo wa tundu la kujazia. Nyuma ikiwa juu peke yake kipimo kinakudanganya. Kwa hiyo ama inua pande zote nne, ama jaza gari likiwa chini kama nafasi inaruhusu.

Na kabla ya yote, fungua nati ya kujazia kwanza. Ikikataa kufunguka, bado una oili ndani na unaweza kuendesha gari mpaka kwa fundi. Ukimwaga kwanza ndipo ugundue ya kujazia imeganda, gari litabaki pale juu.

Kuhusu kuinua pande zote nne, kuna wanaoanza nyuma na kuna wanaoanza mbele. Kwa gari hili ningeanza mbele, kwa sababu inua ya kwanza inafanyika huku tairi za nyuma, zenye vizuizi vyote, zikiwa chini. Inua ya pili ndiyo ya kuiogopa. Bodi inapopanda nyuma, pembe yake inabadilika na stendi za mbele zinainamishwa. Ndiyo maana usilipandishe hadi mwisho kwa mara moja: mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena, nyuma tena, na kila hatua uzikague stendi za upande wa pili.

Naweza kuwasha injini gari likiwa juu?

Tairi moja ya nyuma ikiwa chini, kamwe usiingize gia. Kwa difu ya kawaida tairi ya hewani ndiyo itakayozunguka, lakini hendibreki ikikwaruza upande huo au ukigusa breki, nguvu inahamia ile ya chini. Kwa difu inayojifunga yenyewe huhitaji hata kosa: tairi ya chini inasukuma mara moja na gari linaruka kutoka kwenye jeki.

Zote mbili zikiwa juu ya stendi, mafundi huwasha kusikiliza kelele za difu na beringi. Nyumbani sikushauri. Weka N (gia huru), zungusha propela kwa mkono, shika krosi uipindue huku na huku. Ukisikia mlio wa "tik" au kuona chuma kimoja kinatangulia kingine, krosi imekwisha.

Na ngazi za kupandishia gari, zinafaa?

Kwa kumwaga oili ya injini ni nzuri, na hapa gari linalosukuma nyuma lina faida. Tairi za mbele hazina nguvu ya injini, zinapanda kwa kusukumwa, kwa hiyo hazizitupi ngazi nyuma yake. Kuzipandisha tairi za nyuma kwa rivasi ni kinyume: zenyewe ndizo zinazosukuma, na zikikamata ngazi vibaya zinairusha. Mtu asisimame karibu.

Bolti imegoma na gari liko kwenye stendi. Nitumie bomba refu kwenye mpini wa spana?

Bomba refu linaongeza nguvu ya bolti na nguvu ya kulisukuma gari kwa pamoja. Bolti zinazojulikana kwa ugumu, kama za springi na za shafti ya ekseli, zilegeze gari likiwa chini. Kama haiwezekani, paka mafuta ya kutu, subiri, na ukivuta, vuta kuelekea chini au juu, usivute kwa ubavu wa gari.

Gari limeanza kusogea. Nifanye nini?

Ondoka. Usilishike, usiweke mguu, usijaribu kuokoa jeki. Mlango uliobonyea unanyooshwa.

Na kwa kuwa jambo hili hutokea mtu akiwa peke yake, mtu mwingine ajue uko chini ya gari, na simu iwe mfukoni mwako badala ya kuwa juu ya dashibodi. Watoto wakae mbali. Mpini wa jeki unawavutia.

Jeki inapanda halafu inashuka yenyewe. Imekufa?

Huenda ina hewa. Jeki ya chupa iliyolazwa kwenye buti kwa muda mrefu mara nyingi huwa hivyo. Fungua vali ya kuachilia, pampu mpini mara kadhaa bila mzigo, funga, jaribu tena. Oili ikipungua, ongeza oili ya haidroliki ya jeki. Usiweke mafuta ya breki hata kama ndiyo uliyo nayo, maana yanaila mipira ya ndani. Ikiendelea kushuka, mipira imekwisha, na jeki hiyo isiinue tena gari mpaka ibadilishwe mipira.

Gari langu ni la umeme au lina saspensheni ya hewa. Kuna la ziada?

La umeme lina betri sakafuni, kwa hiyo sehemu zilizoruhusiwa ni chache na zimewekewa alama. Jeki ikikosea hapo inaibonyeza betri yenyewe. Saspensheni ya hewa inatakiwa kuzimwa au kuwekwa kwenye hali ya jeki kabla ya kuinua. Isipozimwa inaweza kuhisi gari limeinama na kuanza kulisawazisha wewe ukiwa chini. Ufunguo wa kielektroniki uweke mbali.

Nimemaliza. Nashushaje?

Kagua chini: spana, tochi, chupa, mtu. Rudisha tairi, kaza nati kwa mkono wa kawaida mpaka tairi ikae sawa kwenye habu. Inua kidogo kwa jeki, toa stendi, kisha fungua vali ya jeki kidogo sana, robo mzunguko au pungufu. Gari lishuke kwa mwendo unaoweza kuusimamisha. Hendibreki irudi juu kabla hujatoa kabari.

Nati zikazwe kwa msalaba tairi ikiwa chini, kwa spana ya kupimia nguvu kama unayo. Magari mengi madogo huwa kati ya Nm 90 na 130, na namba kamili iko kwenye kitabu. Kama uligusa breki za diski, kanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kuwasha, kwa kuwa pistoni zimerudi nyuma na kanyagio la kwanza litazama bila kukamata chochote. Nati zipime tena baada ya kilomita 50 hadi 100, hasa kama rimu ni za aluminiamu.